Paundi 55 za Uongo

Kwa miaka nimekuwa nikiwamba raketi za tenisi nyumbani kwangu hapa Mtwara, na kila raketi iliyotoka mikononi mwangu niliibandikia kipande cha plasta penye shingo, nikaandika namba kwa kalamu ya wino mzito: 52, 55, 58. Namba ilimwambia mwenye raketi kwamba nyuzi zake zimevutwa kwa paundi kadhaa, naye akaondoka akiamini. Namba hizo zilikuwa za uongo. Sikuwa nimepima hata moja. Kosa hilo ni la ujinga na uvivu, na mtu anaweza kusamehewa. Lakini nilikuja kupima, nikajua, nikanyamaza, na pesa za watu nikaendelea kuzipokea. Hilo la pili ndilo linaloniandikisha leo.

Kazi yangu hasa ni ufundi wa baiskeli. Kukaza spoku ndiko kulikonilea na kusomesha wanangu, na humo ndimo kiburi changu kilimoanzia: nilijiona mtu ambaye mkono wake unajua mkazo bila kuambiwa. Raketi zilinijia baadaye. Mtwara si mji wa tenisi. Jioni vijana hukimbilia mpira wa miguu, na ukimwona mtu na raketi begani pale Shangani utamjua kwa jina. Lakini ile miaka ya pilikapilika za gesi, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijazinduliwa Oktoba 2015, mji ulijaa wahandisi na makandarasi, na baadhi yao walikuja na raketi zao. Kazi ilipokwisha wakafungasha. Mmoja aliyekuwa akinipa baiskeli yake kutengeneza aliniuzia kwa bei ya kutupa mashine ya kuwambia raketi, akanifundisha jioni moja, akaenda zake.

Mashine yenyewe ni rahisi. Ina meza ndogo ya mviringo ya kushikia fremu, vibano viwili vya kubana uzi usirudi, na pembeni ina fimbo ya chuma yenye jiwe zito linaloteleza. Unasogeza jiwe hadi alama ya mkazo unaoutaka, unashikiza uzi, unaachia fimbo ishuke yenyewe. Uzito wa jiwe ndio unaovuta uzi. Haihitaji umeme, na hiyo ni neema katika mji ambao umeme hukatika ingawa gesi imelala hapo Mnazi Bay, ilikogunduliwa mwaka 1982. Ila fimbo hiyo ina masharti mawili. La kwanza, jiwe liwe na uzito uleule alioukusudia aliyeitengeneza. La pili, fimbo inapotulia iwe imelala sawa kabisa, kama maji kwenye sinia. Ikiinama digrii 10, unapoteza asilimia moja na nusu ya mkazo, jambo dogo. Ikiinama digrii 20, unapoteza asilimia 6. Digrii 30, asilimia 13 imekwenda.

Kwa asiyecheza, haya yanaweza kuonekana ni mambo madogo. Raketi nyingi za watu wazima huandikwa kwenye fremu kwamba zivutwe kati ya paundi 50 na 60 hivi. Nyuzi zikiwa legevu, mpira hurushwa mbali zaidi kwa pigo lilelile. Zikiwa zimekaza, mpira unatii, lakini hauendi mbali, na kiwiko kinalipa gharama. Mchezaji huuzoesha mkono wake mkazo mmoja, na tofauti ya paundi tatu au nne anaihisi kabla hujamaliza kumwuliza. Ndiyo maana anayecheza kwa dhati hubeba raketi mbili zinazofanana kila kitu: uzi ukikatika katikati ya mchezo, anachukua ya pili na kuendelea kama hakuna kilichotokea.

Sasa nieleze nilivyoyavunja masharti hayo. Katika kuhamisha karakana yangu, lile jiwe la mashine lilipotea. Nikaenda gereji, nikachongesha chuma kingine kinachofanana nalo, nikakipima kwa kukirusharusha kiganjani. Nikasema kinatosha. Alama za mkazo kwenye fimbo zilikuwa zimeliwa na kutu ya chumvi ya bahari, nikazichora upya kwa kumbukumbu. Meza niliyoifungia mashine ilikuwa imeinama kuelekea mlangoni, kwa kuwa sakafu yangu ya saruji imetitia upande huo. Na nilipokuwa na haraka sikungoja fimbo ilale sawa. Ilishuka chini ya mstari, nami nikabana uzi hapohapo nikaenda kwenye unaofuata. Vibano navyo vilikuwa na utando wa mafuta ya mnyororo wa baiskeli kutoka kwenye vidole vyangu, vikawa vinateleza kidogo kila nilipovikaza.

Pamoja na hayo yote, watu walikuja. Waliniita Fundi Raketi. Nyuzi niliagiza Dar es Salaam zikaletwa na basi: nailoni kwa wazee, poliesta kwa vijana, kwa sababu vijana wanataka kinachotumiwa na mabingwa tangu Gustavo Kuerten wa Brazili aliposhinda mashindano ya Ufaransa mwaka 1997 akitumia nyuzi za poliesta. Watoto wasio na uwezo niliwawambia bure kwa mshipi wa kuvulia samaki, na hilo silijutii, maana niliwaambia wazi kuwa ni mshipi na kwamba utanyooka na kulegea upesi. Ukweli niliwapa wasionilipa. Walionilipa niliwapa namba.

Miongoni mwao alikuwako binti mmoja wa sekondari, mwembamba, mwenye pigo zuri la mkono wa kulia. Mama yake ana shamba la korosho upande wa Nanyamba, na raketi mbili za mtoto wake zilitokana na korosho hizo. Binti alikuwa amebandika ndani ya begi lake picha ya Angella Okutoyi wa Kenya, aliyeshinda taji la vijana la wasichana wawili wawili pale Wimbledon mwaka 2022. Siku moja akaja na raketi zote mbili.

“Shikamoo Mjomba.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mjomba, hizi zote umeandika 55. Lakini hii moja inapiga mbali. Mpira unatoka nje.”

Sikuzigusa hata raketi zenyewe. Nilimwambia ni hewa ya bahari. Kwamba wakati wa kaskazi kuna joto na unyevu, nyuzi zinakunywa maji na kulegea. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilikuwa uongo mzuri. Nyuzi za utumbo wa ng’ombe huharibiwa na unyevu, nailoni nayo huathirika, na joto hulegeza karibu kila aina. Lakini raketi zake zote mbili zilikuwa na uzi wa aina moja, zilitoka kwangu wiki moja, zililala chumba kimoja na kuvuta hewa moja. Bahari ingewezaje kuchagua mojawapo? Binti aliinamisha kichwa kwa adabu, akaondoka. Akaanza kuiita moja raketi nzuri na nyingine raketi mbaya, na ile mbaya akawa haichezei.

Aliyenifumbua macho hajawahi kucheza tenisi. Jirani yangu ni mzee wa Kimakonde, mpiga ngoma, na kabla ya shughuli huzipasha ngoma zake moto wa makuti hadi ngozi ikaze apendavyo. Binti alikuwa ameirudisha ile raketi mbaya niiwambe upya, na ile nzuri kaiacha nibadilishe mpira wa mpini. Mzee akaja kukaa kibarazani, akaziokota, akaligonga tumbo la moja kwa ukucha, kisha la nyingine. Akarudia. Akaniuliza kama ni za mtu mmoja. Nikamwambia ndiyo, tena zina mkazo mmoja, soma plasta. Akasema, “Mimi kusoma sijui, lakini hizi hazisemi kitu kimoja.”

Nilizigonga mwenyewe. Moja ilikuwa na sauti ya juu, nyingine ya chini, na hata mtoto angeisikia tofauti. Sikio halidanganyi katika jambo hili: mkazo ukipungua kwa asilimia 10, sauti ya nyuzi hushuka kwa karibu asilimia 5. Siku hizi ziko hata programu za simu zinazosikiliza mlio wa raketi na kukadiria mkazo. Mimi nilikuwa na mzee wa ngoma kibarazani, na sikuwahi kumwuliza.

Kesho yake nilikwenda kule panapovukiwa kwenda Msangamkuu, kwenye wachuuzi wa samaki. Kijana mmoja ninayemtengenezea baiskeli ana mizani ya saa, ile yenye ndoano chini na mshale mbele, imebandikwa stika ya Wakala wa Vipimo. Nikamwomba aniazime mchana, wakati mashua hazijarudi. Akacheka: “Mzee wangu, unavua nini nyumbani?”

Niliifunga mizani kwenye nguzo kwa waya, nikafunga kipande cha uzi kwenye ndoano, ncha ya pili nikaishikiza kwenye mashine. Nikasogeza jiwe kwenye alama niliyoichora mwenyewe ya 55. Paundi 55 ni kilo 25. Nikaachia fimbo. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukasimama kwenye 22. Nikafikiri nimekosea, nikarudia, safari hii kwa mwendo wangu wa kila siku, bila kungoja fimbo ilale: kilo 20 na nusu. Nikarudia tena: 21. Kisha nikaweka alama ya kalamu kwenye uzi kando ya kibano, nikauona uzi ukichomoka kidogo kidogo kwenye kibano huku alama ikienda nao. Kilo 22 ni paundi 48 na nusu. Kilo 20 na nusu ni paundi 45. Katika vipimo vyote sikuiona 55 hata mara moja.

Kupungua kwa namba si kubaya kuliko yote. Mashine inayokosea sawasawa kila siku ina nafuu: mchezaji ataizoea, na kama 55 ya fundi huyu ni 48 ya wengine, basi atasema nivutie 60 na maisha yataendelea. Hata mashine za viwandani hutofautiana. Zile zinazovuta na kufunga papo hapo huacha nyuzi zikiwa legevu kuliko zile zinazoendelea kuvuta mpaka kibano kibanwe, ingawa namba iliyowekwa ni moja. Mashine yangu ilikuwa inayumba. Raketi ya asubuhi nikiwa nimetulia ilitoka na mkazo huu, ya jioni nikiwa na njaa ikatoka na ule, na zote zikabandikwa plasta moja.

Hapo ndipo nilipopaswa kumwita kila mtu. Sikumwita. Ukutani zilikuwa zimening’inia raketi zilizokwisha kuwambwa na kulipiwa, na uzi uliovutwa ukikatwa haurudi tena kazini. Kuzirudia kulimaanisha kununua nyuzi mpya kwa pesa yangu. Nilizigawa kama zilivyo. Kisha nikasahihisha mambo kimyakimya: nikaongezewa chuma kwenye jiwe, nikasawazisha meza kwa pima maji ya fundi mwashi, nikasafisha vibano kwa spiriti. Mashine ikaanza kusema kweli. Ile raketi mbaya ya binti ndiyo niliyoiwamba ya kwanza baada ya matengenezo, kwa kilo 25 halisi. Nikaibandika 55, nikamrudishia zote mbili, nikajipongeza.

Tazama nilichofanya. Raketi aliyoizoea, ile nzuri, ilikuwa kwenye kilo 22, na kwa umri wake pengine imeshashuka zaidi, kwa kuwa poliesta hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya mkazo wake katika saa 24 za kwanza na kuendelea kushuka kila inapopigiwa. Ile mpya ilikuwa 25. Matengenezo yangu ya siri yaliongeza tofauti kati ya raketi zake, na plasta zikaendelea kuapa kwamba ni ndugu.

Akaenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya vijana. Uzi wa raketi aliyoizoea ukakatika katikati ya mchezo. Akachukua ya pili. Mipira iliyokuwa ikiangukia ndani ya mstari wa nyuma ikaanza kuishia wavuni, na alipojaribu kupiga kwa nguvu zaidi ikatawanyika. Alishindwa. Sisemi angeshinda; mpinzani wake alikuwa mzuri. Lakini aliporudi nyumbani alirudi na maneno ya aliyewapeleka, kwamba ana kipaji ila hana moyo, mchezo ukibana mkono wake unatetemeka. Mtoto aliyaamini. Nilimsikia akiyarudia mbele yangu kama hukumu iliyokwisha kusomwa, nami niliyejua sababu nilikuwa nimesimama pale na bisibisi mkononi.

Nilikwenda kwao jioni hiyohiyo. Nilimkuta mama anachambua mboga. Nikaeleza yote: jiwe, fimbo, mizani ya samaki, siku niliyojua na siku nilizonyamaza. Binti aliuliza swali moja tu.

“Kwa hiyo Mjomba, mkono wangu haukutetemeka?”

“Mkono wako haukuwa na kosa, mwanangu. Kosa ni langu.”

Mama hakupandisha sauti. Alisema, “Kaka, miaka yote nimewakimbia watu wa kangomba. Kumbe kangomba mwenyewe anakaa hapa mtaani na anawamba raketi.”

Msomaji wa mbali ajue kwamba huku kusini hakuna tusi la kipimo zito kuliko hilo. Kangomba ni ununuzi wa korosho wa kichochoroni, mkulima mwenye shida anapimiwa kwa chombo kisicho halali badala ya mizani, kwa bei ya mnyonge, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mkoani kwetu mwaka 2007. Kila familia hapa ina mtu aliyeumizwa nao. Nilikuwa nikiwalaani kangomba kwa sauti kubwa kuliko wote kwenye baraza la kahawa. Mama akaongeza, “Na wengine je, umewaambia?” Sikuwa nimewaambia. Nikatoka pale nikaanza kuwazungukia na kuwapigia simu. Wako waliocheka, wako waliodai pesa zao nikawalipa kwa mafungu, na mmoja hajanirudia tena. Ana haki.

Sasa nafanya hivi, na nawaandikia mafundi wenzangu wa nyumbani, wa tenisi na wa mpira wa vinyoya, kwa sababu najua karakana nyingi za barazani zinafanana na yangu. Nilinunua mizani yangu mwenyewe, na kila siku ya kazi naanza kwa kuvuta kipande cha uzi na kusoma mshale kabla fremu haijapanda mezani. Pima maji inakaa palepale. Kwa kila uzi nangoja fimbo itulie. Ikishuka chini ya mstari, nairudisha na kuvuta upya. Nyuzi za urefu naanza katikati nikienda kulia na kushoto kwa zamu, nisizidishe upande mmoja, na za upana nashuka nazo kutoka kichwani kwenda shingoni, maana fremu ikielemewa upande mmoja hupinda au kupasuka. Za zamani nazikata kwa utaratibu huohuo, kuanzia katikati. Bunda la uzi halikai tena chini ya bati kwenye joto. Linakaa ndani ya kopo lenye mfuniko chini ya kitanda. Raketi mbili za mtu mmoja naziwamba siku moja, kutoka bunda moja, kisha nazigonga na kumwita mzee wa ngoma asikilize.

Nina daftari lenye jina la mwenye raketi, aina ya uzi, kilo zilizosomwa kwenye mizani na tarehe. Tarehe ina uzito sawa na kilo, kwa kuwa mkazo hauishi milele, na 25 ya Jumatatu si 25 ya mwezi ujao. Mtu akiniuliza raketi yake ina mkazo gani leo, namwambia sijui, najua nilichoivutia na siku niliyoivutia. Nimegundua kwamba wateja hawakasirishwi na jibu hilo hata kidogo.

Yeyote niliyemwambia 55 kabla sijaanza kuandika tarehe, ailete raketi yake niiwambe upya kwa gharama yangu. Na wewe unayeipeleka raketi yako kwa fundi mwingine popote pale, mwulize amepima kwa nini. Akikuonyesha mizani, mwachie raketi. Akikuonyesha mkono wake, ichukue uondoke nayo.